Kura ya Juni, Kauli ya Oktoba: Bunge la 1975 Linatufunza Nini?



Ramadhan ikikaribia, mambo mawili huja pamoja mitaani kwetu: tende hupanda bei, na waheshimiwa hukumbuka njia ya msikitini. Lori linasimama, magunia ya mchele yanashushwa, mafuta na sukari vinapangwa kwenye mkeka, na mpiga picha anatafuta pembe nzuri. Mheshimiwa anamkabidhi mama mzee paketi ya unga, lakini macho yake yako kwa kamera. Alhamdulillahi, chakula ni chakula, na mwenye njaa hapewi somo la siasa kabla ya kufuturu.

Lakini tukishamaliza tarawehe, tukikaa barazani na kikombe cha kahawa, utasikia watu wakisema, "Mbunge wetu mwaka huu amejitahidi, wallahi." Kajitahidi vipi? "Si ameleta magunia!" Hebu muulize huyo huyo anayesifu: ule mswada uliotupandishia bei ya kila kitu, mheshimiwa aliupigia kura ya ndiyo ama ya la? Alikuwepo siku hiyo? Alisimama akasema neno, au alikaa tu? Utaona baraza zima limenyamaza, kila mtu anaangalia kikombe chake.

Vijana wenzangu, mbunge hatukumpeleka Nairobi agawe tende. Tende hata tajiri wa mtaa anaweza kugawa, na thawabu akapata. Mbunge tulimpeleka atunge sheria, aidhinishe matumizi ya fedha za umma, na aichunguze serikali kwa niaba yetu. Kwa kazi zote hizo tatu ana vyombo viwili tu: mdomo wake na kura yake. Anayosema bungeni huandikwa katika Hansard, ambayo ndiyo taarifa rasmi ya Bunge. Na kura ikipigwa kwa kuhesabiwa, majina huandikwa, nani alikubali na nani alikataa. Hiyo ndiyo rekodi ya mbunge. Mchele ukishaliwa umekwisha, lakini rekodi hukaa, na mjukuu wako anaweza kuifungua akaisoma.

Leo nataka tuifungue pamoja rekodi ya mwaka mmoja, 1975. Ni mwaka ambao kura moja ilimgharimu waziri kazi yake, na sentensi moja ikawagharimu wabunge wawili zaidi ya miaka 3 ya uhuru wao.

MTU ALIYEPOTEA

Wazee wetu wanamkumbuka J.M. Kariuki. Jina lake kamili ni Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Wakoloni walimweka kizuizini enzi za Mau Mau, kisha akawa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha mbunge, kisha waziri msaidizi. Alikuwa tajiri, hilo hakulificha. Lakini mdomo wake haukuwaacha matajiri wenzake walale. Alionya kwamba Kenya isigeuke nchi ya mamilionea 10 na maskini milioni 10. Maneno hayo yalienea nchi nzima, na mpaka leo watu wanayarudia hata bila kujua ni ya nani.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana akitoka hoteli ya Hilton, Nairobi, pamoja na Ben Gethi, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha GSU. Hakuonekana tena akiwa hai. Mchungaji mmoja wa Kimaasai aliukuta mwili kwenye vilima vya Ngong. Ukapelekwa mochari ya jiji, ukalala pale bila jina, na huku nje nchi inaambiwa kwamba J.M. amesafiri, yuko Zambia. Gazeti liliandika hivyo. Mpaka jamaa zake walipofika mochari wakamtambua, ndipo uongo ukakosa pa kujificha.

Unaweza kudhani hapo Bunge lilinyamaza. Nchi ilikuwa ya chama kimoja kwa vitendo, kwa sababu KPU, chama cha upinzani, kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1969. Wabunge wote walikuwa wa KANU. Rais hakupingwa hadharani. Lakini katikati ya mwezi huo huo wa Machi, wabunge waliunda kamati yao ya kuchunguza mauaji ya mwenzao. Ilikuwa na watu 15, mwenyekiti wake Elijah Mwangale wa Bungoma Mashariki. Wakakaa, wakahoji mashahidi, wakaandika ripoti.

Mwanzoni mwa Juni ripoti ilikuwa tayari. Kabla haijafika mezani pa Bunge, majina mawili yaliondolewa kwa amri ya Rais: jina la Mbiyu Koinange, waziri aliyekuwa karibu kabisa na Mzee, na la mlinzi mmoja wa Rais. Hata hivyo yaliyobaki yalikuwa mazito. Ripoti ilisema polisi walikuwa wameuficha ukweli badala ya kuutafuta, na ikataka maofisa kadhaa wachunguzwe, Gethi akiwa mmoja wao.

KURA YA TAREHE 11 JUNI

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo somo letu linapoanza.

Serikali haikusema waziwazi kwamba ripoti itupwe. Serikali ni werevu. Ilichotaka ni neno moja tu libadilishwe: badala ya Bunge kusema "tumeikubali" ripoti, liseme tu kwamba limeiona. Unaona tofauti? Ukikubali jambo, umebeba mzigo wake, huna budi kufuatilia utekelezaji. Ukisema umeliona, basi, umeliona, unaendelea na safari yako. Ni kama jirani akuambie nyumba inaungua, nawe umjibu, "Ahsante, nimesikia."

Kwa hivyo kura ya siku ile ilikuwa juu ya neno moja, na wabunge walilielewa. Sheria nyingi mbaya na hila nyingi hupita namna hiyo hiyo: kichwa cha habari ni kizuri, sumu imewekwa kwenye neno la kifungu cha tatu. Mbunge asiyesoma hupiga kura bila kujua anapigia nini. Na sisi tusiosoma tunampigia makofi.

Kura zilihesabiwa. Serikali ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Tofauti ni kura 3, ndugu zangu! Mbunge mmoja angeenda chooni, mwingine angejitia homa, wa tatu angebaki nyumbani kuchunga ng'ombe wake, historia ingesomeka vingine. Wale wanaosema "kura moja haibadilishi kitu" waende wakaangalie hesabu ya siku ile.

Miongoni mwa waliosimama upande wa ripoti alikuwa waziri mmoja wa serikali, Masinde Muliro. Pamoja naye walikuwa mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen. Muliro hakuwa kijana wa jana. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika waliruhusiwa kuchagua wawakilishi wao. Baadaye akawa mmoja wa viongozi wakuu wa KADU, chama kilichoongozwa na Ronald Ngala wetu wa Pwani. Alijua vizuri sheria ya mchezo: waziri hapigi kura dhidi ya serikali yake. Msimamo huo wa pamoja wa mawaziri si jambo la Kenya peke yake, na una maana yake, kwa sababu serikali haiwezi kwenda kama kila waziri anavuta upande wake. Akiona hawezi kuunga mkono, taratibu inamtaka ajiuzulu.

Kwa hivyo Muliro alijua bei kabla ya kununua. Akapiga kura yake, na Rais akamfuta kazi. Kibisu na Keen nao wakafutwa. Gari lenye bendera likarudi, walinzi wakaondoka, na watu waliokuwa wakijipanga mlangoni asubuhi kuomba barua za kazi wakahamia mlango mwingine. Ndivyo dunia ilivyo.

Je, wauaji wa J.M. walipatikana? La. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Utaniuliza, sasa kura ile ilisaidia nini? Nitakujibu mwishoni, inshaallah.

KAULI YA OKTOBA

Serikali iliyoshindwa mwezi wa Juni haikusahau. Na wabunge wale nao hawakurudi nyuma. Wawili tuwataje kwa majina.

Wa kwanza ni Joseph Martin Shikuku, mbunge wa Butere. Mfupi wa kimo, mrefu wa sauti. Alijiita mlinzi wa wananchi, na mawaziri walikuwa wakiona shida akisimama kuuliza swali, kwa sababu hujui litatokea wapi. Wa pili ni Jean-Marie Seroney, wakili, mbunge wa Tinderet, ambaye mapema mwaka huo wabunge walimchagua kuwa Naibu Spika. Mwaka 1969 alikuwa ametoa Azimio la Nandi kuhusu ardhi, likampeleka mahakamani.

Kumbuka pia kwamba siku zile mijadala ya Bunge ilitakiwa iendeshwe kwa Kiswahili. Kenyatta alitoa amri hiyo mwaka 1974, na ilibaki hivyo mpaka 1979 Kiingereza kiliporudishwa. Kwa hivyo mzee aliyekuwa akiuza samaki sokoni, akipata habari za Bunge, zilikuwa habari za lugha yake. Mheshimiwa hakuweza kujificha nyuma ya Kiingereza kigumu.

Tarehe 9 Oktoba 1975. Kwa kalenda yetu ilikuwa mwanzo wa Shawwal, mwaka wa 1395 Hijria. Waislamu wametoka kusherehekea Idi siku chache tu. Bungeni, Shikuku alikuwa akizungumza juu ya heshima ya Bunge. Akasema kwamba mtu anayejaribu kulishusha hadhi Bunge anajaribu kuliua kama KANU ilivyouawa.

Weee! Patashika ikaanza. Chama tawala, chama cha Rais, kimekufa? Waziri msaidizi mmoja akasimama kudai Shikuku athibitishe maneno yake au ayafute. Huo ni utaratibu wa Bunge na ni utaratibu mzuri, maana usipokuwepo kila mtu atazusha anachotaka. Macho yote yakaelekea kitini, na kitini siku hiyo alikuwa Seroney. Akatoa uamuzi wake kwa utulivu wa wakili: jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Ni sentensi fupi kabisa. Ukiipima kwa mizani ya maneno ni nyepesi, haina tusi, haina kelele. Lakini kila mtu alielewa maana yake.

Siku sita baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Hawakupelekwa mahakamani. Hawakusomewa mashtaka. Walitiwa kizuizini kwa sheria ya usalama wa umma, ile iliyomwezesha mkubwa kumfungia mtu bila ya kesi na bila ya tarehe ya kutoka. Naye Rais akawakumbusha waliobaki kwamba mwewe bado yuko angani, na vifaranga wajue. Wakajua. Mark Mwithaga akafungwa. Chelagat Mutai, mbunge msichana aliyechaguliwa 1974 akiwa bado katika miaka ya ishirini, akafungwa mwaka 1976. George Anyona akatiwa kizuizini 1977. Mmoja baada ya mwingine, sauti zikapungua.

Shikuku na Seroney walitoka tarehe 12 Desemba 1978, baada ya Mzee Kenyatta kufariki na Rais Moi kuwaachia waliokuwa kizuizini. Fanya hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya miaka 3. Ramadhan 3 ziliingia na kutoka, watoto wakakua, kwa ajili ya sentensi mbili.

JUNI NYINGINE

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapa, tukawaita mashujaa, tukaenda kulala. Lakini rekodi ya mbunge haisomwi ukurasa mmoja. Husomwa yote, na ukiisoma yote utakuta kurasa zisizopendeza.

Muliro na Shikuku walikuwa KADU, chama kilichosimama kwa ajili ya majimbo na kwa ajili ya makabila madogo. Mwezi wa Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, wabunge wake wakavuka kwenda upande wa serikali. Watu wa Pwani wanaoumia leo kwa sababu kila kitu kiliamuliwa Nairobi miaka na miaka, na wauvute ukurasa huo pia. Bunge lisilo na upinzani lililomfungia Shikuku 1975 lilianza kujengwa siku ile, na yeye alikuwemo.

Halafu ikaja tarehe 9 Juni 1982, miaka 7 kasoro siku mbili tangu ile kura ya 62 na 59. Serikali ya Moi ilileta mswada wa kuongeza kifungu cha 2A katika Katiba, kuifanya Kenya kisheria iwe nchi ya chama kimoja. Charles Njonjo aliuwasilisha, na Mwai Kibaki, wakati huo Makamu wa Rais, akauunga mkono. Ulipita katika muda usiofika saa moja. Sauti ya kupinga haikusikika. Shikuku mwenyewe alikuwa amekwisha rudi bungeni, mbunge wa Butere tangu uchaguzi wa 1979.

Pima mwenyewe. Mwaka 1975 wabunge walibishana juu ya neno moja katika ripoti, wakahesabiana kura mpaka ya mwisho. Mwaka 1982 walibadilisha nchi nzima kwa muda mfupi kuliko mechi ya mpira. Mwewe alikuwa amefanya kazi yake. Watu waliona bei aliyolipa Muliro, wakaona bei aliyolipa Shikuku, wakaamua si yao kulipa. Na sisi tungekuwepo pale tungefanyaje? Ni swali la kujiuliza mtu akiwa peke yake, si la kujibu haraka.

Seroney hakurudi bungeni. Aligombea 1979 akashindwa, na alifariki mwaka huo huo wa 1982.

Lakini ukurasa mwingine ukafunguka. Mwaka 1991, watu sita walijitokeza kutangaza FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi. Angalia majina: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Muliro yule yule, Shikuku yule yule, na safari hii Mwislamu wa Pwani yuko nao bega kwa bega. Walinyimwa kibali cha mkutano wa Kamukunji, wakaenda Kamukunji. Desemba ya mwaka huo kifungu cha 2A kikafutwa. Muliro alifariki Agosti 1992 aliposhuka uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London, hata uchaguzi wa vyama vingi hakuuona. Shikuku aliishi mpaka 2012, akabishana na kila serikali mpaka pumzi ya mwisho, na akakosea pia, kwani FORD ilipogawanyika 1992 naye alikuwa ndani ya mgawanyiko huo, na Moi akashinda akiwa na kama theluthi moja tu ya kura.

Nilikuahidi jibu: kura ya Juni 1975 ilisaidia nini? Haikuwafunga wauaji. Lakini iliandika. Iliandika kwamba Bunge la Kenya liliambiwa lifumbe macho, na watu 62 wakakataa. Ushahidi wao hauna tena wa kuufuta. Aliyetaka kujua mwaka 1991 nani wa kumwamini na nchi hii alikuwa na mahali pa kuanzia.

SISI TUFANYE NINI?

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa tuwe wenye kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, hata ukiwa ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Tunaisoma sana aya hii katika mwezi huu. Ama kura ya bungeni ni nini kama si ushahidi? Mbunge anashuhudia kwa jina letu. Akishuhudia uongo, ametushuhudilia sisi. Na wale niliowasimulia wa 1975 hawakuwa Waislamu. Haki haina msikiti wala kanisa. Ukiiona kwa mwenzio, ikiri.

Sisi Waislamu wa Kenya tuna sababu yetu ya kujali. Mwaka 2003 uliletwa mswada wa kupambana na ugaidi ambao wengi wetu, pamoja na mawakili na watetezi wa haki wasiokuwa Waislamu, waliuona unafungua mlango wa kumkamata mtu kwa mavazi yake. Kelele zikapigwa, ukaondolewa. Mwingine wa 2006 nao haukupita. Lakini sheria ilikuja kupita mwaka 2012. Tulipokuwa tukiangalia, mambo yalikwama. Tulipochoka kuangalia, yalipita. Wangapi kati yetu wanaweza kusema mbunge wa eneo lao alisimama wapi mwaka huo?

Vijana wa 2024 walituonyesha inawezekana. Tarehe 25 Juni (Juni tena!) Mswada wa Fedha ulipigiwa kura: 195 ndiyo, 106 la. Kabla ya magharibi orodha ya majina ilikuwa kwenye simu ya kila kijana, na wengi walisoma jina la mbunge wao kwa mara ya kwanza likiwa mbele ya neno "ndiyo". Siku hiyo vijana walipigwa risasi nje ya Bunge na wengine wakafa, Allah awape subira wazazi wao. Siku ya pili yake Rais akatangaza hautii saini mswada huo. Kuna waheshimiwa ambao tangu siku hiyo hawajapata raha kwenye hadhara. Wanauliza, "Mbona mnanikumbusha?" Si kukumbusha ndiyo kazi yetu!

Basi nakuomba mambo matatu, mepesi tu.

Kwanza, jua namna kura zinavyopigwa. Mara nyingi Spika huuliza, wabunge wakaitikia kwa sauti "ndiyo" au "la", naye akaamua kwa sikio. Kura ya namna hiyo haina majina, na wajanja huipenda. Wabunge wa kutosha wakisimama kudai, ndipo kengele hulia na kila mmoja huhesabiwa kwa jina lake. Kwa hivyo usiulize tu, "Alipigaje?" Uliza pia, "Alisimama kudai tuhesabiwe?" Na ukiambiwa hakuwepo, uliza alikuwa wapi. Kutokuwepo nako ni rekodi.

Pili, linganisha mdomo na kura. Wapo wanaonguruma msikitini siku ya Ijumaa na kwenye redio, halafu Jumanne bungeni ni paka wa nyumbani. Hansard iko kwenye mtandao wa Bunge, haina kiingilio. Mijadala inaonyeshwa moja kwa moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Kijana unayeshinda na simu kuanzia alasiri ukingojea adhana ya magharibi, dakika kumi zinatosha kusoma aliyosema mbunge wako.

Tatu, kuwa muadilifu. Usimhukumu mtu kwa kura moja ukaacha ishirini, wala usimpambe kwa sababu ni wa dini yako au wa kabila lako. Muliro, Seroney na Shikuku wote wana kurasa nzuri na kurasa mbaya. Tukiwasoma kwa insafu, na walio hai tuwasome hivyo hivyo, wala tusimfiche wa kwetu.

Na lori la mchele likija mwaka huu? Lipokeeni, tena mshukuru, maana asiyeshukuru watu hamshukuru Mola wake. Mpeni mheshimiwa tende tatu na maji, mumkalishe kwenye mkeka. Akishafuturu, akinyooka kuaga, kijana mmoja asimame kwa adabu, aseme: "Mheshimiwa, Allah akulipe kwa sadaka. Sasa tuambie, siku ile ulipiga kura gani, na kwa nini?"

Mwenye jibu atakaa ajibu. Asiye nalo atakumbuka ana mkutano mahali.

Ramadhan Kareem. Allah atutakabalie saumu zetu, awarehemu mama na baba zetu waliotangulia, na atujaalie viongozi wenye kusema kweli na raia wenye kuiuliza. Aamin.